Ugonjwa wa milango ya moyo: ni wakati gani kuuliza muganga wa pili?

Kwa ninyi wamama munaokuja kliniki na watoto mugongoni ao na mimba, somo hili ni lenu.

Inatokea hivi. Muganga anasikiliza kifua cha mutoto, anasikiliza tena, kisha anasema: "Mama, mulango mumoja wa moyo wa mutoto wako umeharibika." Jioni, nyumbani, kila mutu analeta lake. Mumoja anasema muganga yule ni kijana, hajui. Mwingine anasema mutoto amelogwa. Wa tatu anataka shamba liuzwe kesho asubui, mutoto apelekwe inchi ingine. Mama anakaa katikati na hajui afuate nani.

Je, tukubali neno la muganga wa kwanza, ao tuulize wa pili? Swali hili ni la haki, haiko dharau. Lakini lina wakati wake na namna yake. Mama anayeuliza vizuri anaweza kuokoa mutoto. Mama anayezunguka bila mupango anaweza kumupoteza njiani.

MOYO UNATUMIKA NAMNA GANI?

Fumba mukono wako ufanye ngumi. Moyo wako unakaribia ukubwa ule. Kila siku unapiga mara karibu 100.000, usiku na muchana, hata ukilala. Ndani yake kuna vyumba vine na milango mine. Mulango mumoja unafunguka, damu inapita. Kisha unafunga, kusudi damu isirudi nyuma.

Mulango unaweza kuharibika kwa namna mbili:

1. Haufunguki vizuri. Umekuwa mugumu na mwembamba, damu inapita kwa shida.
2. Haufungi vizuri. Unavuja, damu inarudi kule ilikotoka.

Mara zote mbili, moyo unalazimika kutumika zaidi. Nyuma ya wakati unachoka. Maji yanajaa mapafuni, miguu inavimba, pumuzi inakuwa fupi.

UGONJWA HUU UNATOKA WAPI?

Watoto wengine wanazaliwa nao. Lakini kwetu, kwa mutoto wa masomo na kwa mwanamuke kijana, mara nyingi unatoka kwa koo. Mutoto anaumwa na koo sababu ya mikrobi inayoitwa streptokoki. Hatunzwi. Nyuma ya majuma mawili ao matatu, homa inakuja, na viungo vinauma: leo goti, kesho kifundo cha muguu, kesho kutwa kiko cha mukono. Watu wanasema, "Ni kukomaa kwa mifupa." Kisha maumivu yanaisha. Lakini moyo umekwisha kuguswa. Kila mara koo lile linaporudi, milango inaharibika zaidi. Hii inapata zaidi watoto wa miaka 5 mpaka 15.

Ndiyo sababu tunapiga shindano ya penisilini ya nguvu ndefu kila majuma 3 ao 4, kwa miaka mingi. Shindano ile haitengenezi mulango uliokwisha kuharibika. Inazuia mikrobi isirudi kuuharibu zaidi. Ni sawasawa na kufunga zizi: mbuzi aliyekwisha kuliwa harudi, lakini wale wengine wanabaki wazima.

SABABU GANI MUGANGA MUZURI ANAWEZA KUHITAJI MWENZAKE?

Chombo ambacho muganga anaweka kifuani kilitengenezwa Ufaransa katika mwaka 1816 na muganga Laennec. Ni chombo kizuri sana, lakini kinasikia tu, hakioni. Tena sauti ya moyo inaweza kudanganya.

Watoto wengi wazima wana sauti ndogo ndani ya moyo, nayo haina ubaya wowote. Mutoto mwenye homa kali, ao mwenye upungufu wa damu sababu ya malaria ao minyoo, sauti ile inaongezeka. Damu ikirudi, homa ikiisha, sauti inapungua ao inapotea. Kwa upande mwingine, kuna mulango ulioharibika ambao hautoi sauti ya kusikika.

Mama mwenye mimba naye, damu ya mwili wake inaongezeka karibu nusu. Kupanda mulima kunamuchokesha, miguu inavimba kidogo. Mara ingine ni mimba tu. Mara ingine ni mulango mwembamba ambao ulikuwa kimya tangu utoto, sasa mimba imeufunua. Na mara ingine milango ni mizima, lakini nyama yenyewe ya moyo imekuwa zaifu, mwezi wa mwisho wa mimba ao miezi ya kwanza nyuma ya kuzaa. Kwa jicho, magonjwa haya yanafanana. Dawa zake hazifanani zote.

Kinachotenganisha ni ekografia ya moyo. Ni mashini ile ile ndugu ya inayoangalia mutoto tumboni, lakini hapa inaangalia milango ikifunguka na kufunga, na njia ya damu. Haichomi, haiumizi. Basi mara nyingi shauri la pili maana yake ni hii: sikio limesikia, sasa jicho lione.

ULIZE SHAURI LA PILI WAKATI HUU

1. Kama ugonjwa umesemwa kwa kusikiliza tu, bila ekografia, na sasa munataka kuamua jambo kubwa: shindano za miaka mingi, kuacha masomo, kutozaa, kupasuliwa.

2. Kama neno la muganga na hali ya mutoto havipatani. Umeambiwa moyo umechoka sana, lakini mutoto anacheza mupira siku nzima. Ao umeambiwa si kitu, lakini mutoto halali ila ameegemea mito.

3. Kama dawa zimepewa vizuri, zimemezwa vizuri, na mugonjwa anazidi kuwa mubaya.

4. Kama ekografia imeonyesha kitu kidogo tu, na mutoto hasikii ugonjwa. Hapa kuna habari nzuri ya kujua. Katika inchi ya Uganda, waganga walifuata watoto 818 wa miaka 5 mpaka 17, wenye mwanzo wa ugonjwa bila alama ya inje. Kikundi kimoja kilipigwa penisilini kila majuma 4, kingine hapana. Nyuma ya miaka 2, ugonjwa uliongezeka kwa watoto 3 wa kikundi cha shindano, na kwa watoto 33 wa kikundi kile kingine. Matokeo haya yalitangazwa katika mwaka 2021. Tena, kwa vikundi vyote viwili, karibu nusu ya watoto walionekana na moyo wenye hali nzuri zaidi kuliko mwanzo. Tunajifunza mambo mawili: shindano inachunga kweli, na ekografia ya kwanza si hukumu ya maisha yote. Inapashwa kurudiliwa.

5. Kama mwenye ugonjwa ni binti ao mwanamuke anayetaka kuzaa. Aulize mbele ya kupata mimba, si kwa mwezi wa saba.

6. Kama wamesema apasuliwe. Hapa shauri la pili si anasa. Soma inayofuata.

KUPASUA: NJIA HAIKO MOJA

Mama, ukisikia neno "operasio", usifikiri ni kitu kimoja tu. Kuna njia tatu, na kila moja ina matokeo nyumbani kwako.

Kupanua mulango. Kama mulango ni mwembamba na hauvuji sana, waganga wanaweza kupitisha kamba nyembamba kwa mushipa wa paja mpaka moyoni, na kuvimbisha puto ndogo ndani ya mulango. Kifua hakifunguliwi. Si kila mulango unaokubali hivi.

Kutengeneza mulango wake mwenyewe. Kifua kinafunguliwa, lakini mutoto anabaki na mulango wake. Inaomba muganga mwenye ufundi wa kazi hii.

Kutia mulango mwingine. Hapa kuna mbili tena. Mulango wa kutengenezwa na kiwanda unadumu sana, lakini damu inaweza kugandama juu yake. Kwa hiyo mugonjwa anameza warfarini kila siku, maisha yote, na damu yake inapimwa mara kwa mara. Dawa ikiwa ndogo, damu inagandama, mulango unafunga ao mutu anapooza upande mumoja. Dawa ikizidi, anatokwa damu. Tena warfarini inaweza kuharibu mutoto tumboni, zaidi miezi mitatu ya kwanza. Mulango wa pili unatoka kwa nyama, ngombe ao nguruwe. Mara nyingi hauombi warfarini ya maisha yote, lakini ndani ya mwili wa kijana unachakaa upesi zaidi, mara nyingi katika miaka 10 ao 15, na atapasuliwa tena.

Wazeni binti wa miaka 16 anayekaa safari ya siku mbili kutoka laboratware inayoweza kupima damu yake. Wakimutia mulango wa kiwanda, nani atapima damu ile? Siku akiolewa, nani atamuambia habari ya mimba? Mulango ule ule unaweza kuwa wokovu kwa mutu wa muji, na hatari kwa mutu wa kijiji cha mbali. Muganga wa muji mukubwa hajui njia ya kwenu. Wewe mama unaijua. Mwambie.

USINGOJE SHAURI LA PILI WAKATI HUU

Kuna saa ambapo hakuna kuuliza huku na huku. Kimbia hospitali ya karibu, ile ile, hata kama hauipendi:

– pumuzi inakatika, hawezi kulala chali, hawezi kumaliza neno;
– anakohoa povu nyekundu ao damu;
– anazimia;
– midomo inageuka rangi;
– mukono na muguu wa upande mumoja vinalegea, ao kinywa kinapinda;
– ana homa isiyoisha, naye anajulikana kuwa na ugonjwa wa mulango, ao alitiwa mulango mupya;
– mama mwenye mimba, ao aliyezaa sasa hivi, anaamuka usiku akitafuta hewa.

Kwanza aokolewe. Maulizo yatakuja nyuma.

NA WAKATI HUU SHAURI LA PILI HALINA LAZIMA

Kama ekografia ilifanywa vizuri, mwenye kuisoma anajua kazi, dawa inasaidia, mutoto anakula na anasoma, basi rudi pahali pale pale kila mwezi. Muganga anayejua mutoto tangu miaka mitatu anaona mabadiliko ambayo mugeni hawezi kuona. Kutafuta muganga wa tatu, wa ine, wa tano, mpaka mumoja aseme "hana kitu", haiko kutafuta kweli. Ni kutafuta neno tamu. Moyo hausikilizi neno tamu.

NAMNA YA KUULIZA BILA KUHARIBU UHUSIANO

Wamama wengi wanaogopa. Wanasema, "Dokta atakasirika, hatatupokea tena." Kwa hiyo wanaondoka kwa siri, bila karatasi, na muganga wa pili anaanza kwa sifuri. Haifai. Waganga wenyewe wanaulizana kila siku. Sema hivi:

"Dokta, aksanti kwa kazi yote. Jambo hili ni nzito kwa jamaa yetu. Tunaomba utuandikie barua, kusudi muganga mwingine wa moyo aangalie naye, kisha tutakuletea majibu."

Maneno yale ya mwisho ni ya maana: tutakuletea majibu. Yanaonyesha kwamba haumuache. Hata akikunja uso kidogo, haki yako inabaki, na barua ni haki ya mugonjwa.

Mbele ya kuondoka, uwe na vitu hivi:

1. Barua ya transferi.
2. Karatasi ya ekografia na picha zake. Si majibu tu, na picha pia. Kama una telefone, piga foto ya kila karatasi. Mvua na panya haviharibu foto.
3. Karatasi za damu na radio ya kifua.
4. Dawa zote ndani ya paketi yake, si vidonge vilivyochanganywa ndani ya mufuko mumoja.
5. Karte ya shindano, yenye tarehe zote.

Uulize kwanza kama muganga wa moyo yuko, siku gani, na bei gani. Ekografia ya moyo inapatikana kwa hospitali kadhaa za miji yetu mikubwa. Kwa kupasua, wagonjwa wengi wa upande wetu wa mashariki wanavuka mupaka. Kampala kuna Uganda Heart Institute, ndani ya uwanja wa Mulago. Dar es Salaam kuna taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa katika mwaka 2015. Usiuze shamba mbele ya kuwa na jibu la maandiko kwamba watakupokea, na hesabu ya franga inayoombwa. Safari ya kwanza ni ya ekografia na shauri. Mara nyingi karatasi zinaweza kutumwa mbele, mutu akabaki nyumbani.

Na hii, mama, uishike sana: WAKATI UNANGOJA, DAWA HAZIACHWI. Shindano ya mwezi inapigwa kwa tarehe yake. Vidonge vya kutosha maji vinaendelea. Watoto wengine wameharibika si kwa ugonjwa wenyewe, ila kwa miezi ile ya kuzunguka bila dawa.

Kama moyo umechoka sana, uliza pia: "Je, kwake shindano inafaa, ao vidonge vya penisilini vya kila siku?" Kwa wagonjwa wa namna ile muganga anaweza kuchagua vidonge. Lakini ni yeye anayechagua, usigeuze mwenyewe.

MAULIZO YA KUPELEKA KWA MUGANGA WA PILI

Uyaandike, ao mutoto mukubwa akuandikie. Mbele ya dokta, kichwa kinasahau.

– Ni mulango gani? Ni mwembamba, unavuja, ao vyote viwili?
– Ugonjwa ni mudogo, wa katikati, ao mukubwa?
– Unapatana na muganga wa kwanza? Kama hapana, ni kwa neno gani?
– Tukingoja miezi sita, nini itatokea?
– Kuna njia ya puto ao ya kutengeneza, mbele ya kutia mulango mwingine?
– Anaweza kusoma, kulima, kuolewa, kuzaa?
– Nani atamufuata sisi tukirudi kijijini?

WAGANGA WAWILI WAKISEMA MBALIMBALI

Usikimbilie yule aliyesema la kupendeza. Uangalie: nani aliona ekografia mwenyewe? Nani amezoea ugonjwa huu? Nani alieleza sababu, hakutoa amri tu? Rudisha majibu kwa muganga wa kwanza, na uombe wasemezane, kwa telefone ao kwa barua. Mara nyingi utaona hawapingani: mumoja alisema "apasuliwe", mwingine alisema "apasuliwe, lakini si sasa". Mara ingine ekografia inarudiliwa nyuma ya miezi michache, na ile inamaliza mabishano.

Mufumu si shauri la pili, sababu haoni mulango wa moyo. Chumba cha maombi nacho si cha kupima moyo. Uombe, ndugu waombe pamoja nawe, hakuna anayekataza. Lakini mutu akikuambia uache shindano kusudi kuonyesha imani, usimusikilize. Maombi na shindano havijapigana hata siku moja.

Neno kwa wababa na wakubwa wa jamaa: musimuache mama peke yake na uamuzi huu, wala musiamue bila yeye. Yeye ndiye anayehesabu pumuzi za mutoto usiku.

KUMBUKA

• Kuuliza si ujinga, tena si dharau.
• Sikio likisikia, jicho lione: uombe ekografia mbele ya uamuzi mukubwa.
• Hatari ikionekana, kimbia hospitali ya karibu. Shauri la pili litangoja.
• Ondoka na barua na karatasi zote. Rudi na majibu.
• Shindano ya mwezi haivukwi, hata siku moja ya safari.
• Koo la mutoto likiuma na homa, umulete kliniki mapema. Pale ndipo ugonjwa wa milango ya moyo unaanzia, na pale ndipo unazuiwa kwa franga kidogo.

Kama haujaelewa neno moja la somo hili, uulize muforomo wa kliniki yako siku ya kipimo. Yuko pale kwa ajili ya maulizo.